Koplo O'Dera wa Kaunti ya Cavan

Kwenye ikama yake, kadi ya ukaazi ya Saudia, ameandikwa Yukabit Adyambu. Jina alilopewa na wazazi wake kule Alego, Siaya, ni Eucabeth Adhiambo, lakini karani wa Riyadh aliyemwandikisha hakuwa na shughuli na wazazi wake. Alikuwa na foleni ndefu mbele yake na chai iliyokuwa ikipoa. Wengine majina yao yakivunjwa hivyo hununa wiki nzima. Eucabeth aliitazama ile kadi, akacheka mpaka mlinzi akageuka, akasema kama Yukabit ndiye aliyeruhusiwa kukaa nchini, basi Mungu ampe Yukabit maisha marefu.

Ndivyo alivyo. Ana miaka thelathini na minne, mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto, na neno "labda" halimo katika msamiati wake. Kabla ya kuja Saudia alikuwa karani wa rekodi katika zahanati moja kwao, miaka sita. Kazi yake ilikuwa kusoma mwandiko wa madaktari na kuunakili kwenye daftari safi, na mtu aliyeushinda mwandiko wa madaktari hatishwi tena na karatasi yoyote. Alipofika huku alianzia Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, katika nyumba ya watu kumi na mmoja waliokula nyakati kumi na moja tofauti. Miaka miwili ilipokwisha akabadilisha kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, akahamia Riyadh kwa Madam Nuala Brady, mwalimu wa wauguzi kutoka Ireland, aliyekodi nyumba huko Al-Malqa.

Madam Nuala alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mpole, mwenye macho mabovu na starehe moja ya ajabu: alipenda wafu. Yeye na wenzake kadhaa kule kwao walikuwa wakitafuta kumbukumbu za Waairishi waliokufa vitani wakiwa katika jeshi la Mwingereza, wale ambao hakuna aliyejua walilala wapi. Kila mmoja alipewa fungu lake la majina. Madam Nuala, kwa kuwa alizaliwa kaunti ya Cavan, alipewa wafu wa Cavan. Ijumaa asubuhi, Riyadh ikiwa bado imelala, alitandaza karatasi kwenye meza ya chakula, akavaa miwani juu ya miwani, akaanza kuhangaika.

Eucabeth alivumilia Ijumaa tatu. Ya nne akaweka kitambaa cha vumbi chini, akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa. Mtu wa Alego haombi nafasi, hujipa.

"Madam, wewe andika, mimi nisome. Hii unayoita 'Murphy' si Murphy, ni 'malaria'. Umemzika ugonjwa."

Madam Nuala akasukuma rundo zima upande wake. Tangu siku hiyo Ijumaa zikawa na utaratibu. Eucabeth husoma kwa sauti, madam huandika kwenye kompyuta, na kazi iliyokuwa ikichukua mwezi ikaanza kuchukua asubuhi mbili. Vyombo vilisubiri, na hakuna aliyevidai.

Rundo lililowashinda zaidi lilitoka mahali pasipo pa kawaida. Daktari mmoja Mwairishi, aliyehudumu katika hospitali ya mahema huko Burma mwaka 1944, alirudi kwao na daftari la wagonjwa waliofia mikononi mwake. Hakulipeleka popote. Wajukuu wake walilikuta sandukuni miaka michache tu iliyopita, likiwa limeliwa na unyevu ukingoni, mahali palipoandikwa vikosi. Walipiga picha kila ukurasa. Kundi la Madam Nuala likachukua kurasa za wazungu, likachambua majina yenye sura ya Kiairishi, likagawana.

"Huyu amenisumbua miaka miwili," madam alisema Ijumaa moja ya Februari, akigonga mstari kwa kalamu. "Koplo Daniel O'Dera. Hakuna ukoo wa O'Dera Ireland nzima. Tulidhani ni O'Dea, tukadhani ni O'Hara. Nimefungua vitabu vya ubatizo vya parokia zote za Cavan. Nimemwandikia kasisi mpaka kasisi amechoka. Nimeshamwashia mishumaa ya marehemu Novemba mbili, na mama yake simjui."

Eucabeth aliuvuta ule ukurasa karibu. Alisoma mstari mara moja, kama alivyozoea kusoma, kutoka kushoto kwenda kulia bila kukisia. Namba 10716. Koplo. Daniel O'Dera. Umri 22. Kisha akafika kwenye safu ya dini, akaona herufi tatu: C.M.S.

Akaziwekea kidole.

"Hapa mnasema nini?" aliuliza.

"Hapo tumekubaliana ni kosa. Wengine wote wameandikwa Mkatoliki au Mprotestanti."

"Si kosa, madam. CMS ni kanisa. Ni wamishonari walioleta Anglikana kwetu. Babu yangu mpaka leo ukimuuliza dini hakwambii Anglikana. Anakwambia mimi ni CMS." Kidole chake kilikuwa tayari kimehamia safu ya mwisho, ya kwao mgonjwa. "Na hii mmesoma nini?"

"Co. Cav. Kaunti ya Cavan."

"Angalia mguu wa hiyo herufi. Hiyo si C, ni K. Na hapa mbele hakuna o, ni nukta tu kalamu imevuja. C. Kav." Aliinua uso. "Central Kavirondo. Ndivyo Waingereza walivyoita kwetu kabla ya Uhuru. Sasa hivi sisi pia tuna kaunti, lakini si Cavan. Ni Siaya."

Madam Nuala alivua miwani ya kwanza, kisha ya pili.

"Na O'Dera?"

"Ondoa hicho kialama cha juu," Eucabeth alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hiyo si kawaida yake. "Ni Odera. Kwetu nusu ya wanaume ni O. Otieno, Okoth, Odera. Kuna karani alisikia O akadhani ni O yenu. Madam, baba ya babu yangu aliitwa Daniel Odera. Alienda Burma na hakurudi."

Mtu akisikia hapo atasema kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha, na Eucabeth alilijua hilo kabla ya mtu yeyote. Akina Daniel Odera walioenda Burma hawakuwa mmoja. Kanisa lile lilibatiza akina Daniel kama mvua. Na hili halikuwa jambo la kubahatisha, kwa sababu kule Alego kulikuwa na mzee aliyekuwa akingoja.

Mzee huyo ni Alfayo Keya, babu yake Eucabeth, kwara kwa Kijaluo, mwenye miaka themanini na miwili. Alizaliwa Desemba 1943, baba yake akiwa ameshaondoka na meli, na ndiyo sababu aliitwa Keya, kama watu walivyoliita KAR, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika. Vita vilipokwisha wanaume wakarudi na makoti mazito na nyimbo za matusi. Odera hakurudi. Waliokuwa kampuni moja ya askari naye walisema asubuhi moja jina lake lilisomwa paredi, hakuitika, likaandikwa "hayupo". Neno "hayupo" lilipofika Alego lilikuwa limeshageuka "ametoroka". Mwaka uliofuata likawa "ameoa kule". Lisemwalo lipo, watu wakasema, na kama halipo laja, na wakakaa kulingoja lije.

Keziah, mkewe, hakuruhusiwa hata kumlilia, maana nani humlilia mtu aliye hai? Alikufa miaka ya themanini akiwa si mke wala mjane. Alfayo alikua akiitwa mtoto wa mtoro, shuleni, sokoni, mpaka kwenye mikutano ya ukoo akiwa ameshaota mvi. Aligeuka mtu wa hasira za karibu. Alimchukia baba yake kwa bidii, kama watu wengine wanavyolima.

Sasa moyo wake umechoka, na daktari amewaambia jamaa wasipange mambo ya mbali. Anachotaka ni kimoja. Wajaluo mtu wao akifia ugenini na mwili usipatikane, huchukua tunda la yago, lile refu zito la mti wa mwegea, wakalizika badala yake, kwa heshima zote za maiti. Mzee Alfayo anataka baba yake azikiwe yago katika boma lake. Wazee wa ukoo wamekataa. Yago ni la aliyekufa, wanasema, na wewe una ushahidi gani? Mtu akizikiwa yago naye yuko hai, balaa litaingia nyumba ngapi? Kila Jumapili Eucabeth akipiga simu, mzee humwambia maneno yale yale: "Siwezi kulala chini kabla ya baba yangu hajalala." Hasira zimebaki, lakini kumzika bado ni wajibu wa mwana.

Ushahidi ulihitaji namba, na namba ya Odera ilikuwa mahali pamoja tu: katika barua aliyoituma kabla ya kupanda meli. Barua hiyo alikuwa nayo Hezron, binamu yake Eucabeth, mjukuu mkubwa wa kiume, aliyekabidhiwa na mzee siku alipoondoka nyumbani. Hezron alikuwa mlinzi wa nyumba moja ya kifahari huko Al-Hamra, Jeddah. Eucabeth alimpigia mchana uleule.

"Hezi, toa ile barua ya kwara, unisomee namba."

"Barua gani?" Hezron aliuliza, naye alijua vizuri barua gani.

Alipoelezwa, akaomba aelezwe tena. Kisha akasema hapana.

"Si ati nakunyima, Euka. Lakini fikiria. Tuseme namba si hiyo. Tuseme huyo wa daftari ni Odera mwingine na wetu kweli alihepa. Utamwambia mzee nini? Ataenda na hiyo moyoni. Wacha tu, dada. Halas."

"Sitamwambia chochote mpaka nijue."

"Wewe? Wewe huwezi kunyamaza dakika mbili. Utapiga simu, atasikia tu sauti yako, atajua."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimuuma kwa sababu lilikuwa kweli. Lakini alijua pia kwamba Hezron hakuwa anamwogopea mzee peke yake. Akiwa darasa la sita alivunjwa jino na mvulana aliyemwita kitukuu cha mtoro, na tangu siku ile hakutaka habari za Odera zitajwe mbele yake. Aliichukua barua ile si kuitunza bali kuifungia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Eucabeth, ambaye hakuwahi kuvunjwa jino, aliona ni rahisi tu kuifungua.

Simu haingefaa. Alimfuata madam jikoni.

"Madam, ile wiki yako ya mafunzo Jeddah ni lini?"

"Wiki ijayo. Siku nne. Kwa nini?"

"Tunaenda pamoja."

Madam Nuala alikuwa ameshajifunza kwamba hilo halikuwa swali. Aliongeza tiketi moja.

Walishukia Jeddah Jumanne. Joto la huko lilimpokea Eucabeth kwa unyevu wake wa zamani, ule unaobandika nguo mgongoni kabla mtu hajatoka mlangoni, akasema, "Riyadh hunikausha, Jeddah hunichemsha, sijui ni nani atanila." Walifikia nyumba ya kupanga Al-Rawdah, mitaa miwili tu kutoka kwa wale watu kumi na mmoja. Siku ya pili, Hezron akiwa na zamu ya usiku na mchana ni wake, Eucabeth alikwenda Al-Hamra.

Alimkuta kwenye chumba cha walinzi kando ya geti, amevaa fulana, anapiga pasi shati la kazi. Hezron ni mtu mnene wa tabia za taratibu, mzee wa kanisa katika ushirika mdogo wanaokutana nyumbani kwa mtu. Alimkumbatia, akamsogezea kiti, akampa soda baridi, na hakusema neno kuhusu barua. Wakazungumza habari za nyumbani zote mpaka zikaisha.

"Hezi," Eucabeth alisema, "nimekuja na ndege. Si kwa soda."

"Najua."

"Mficha uchi hazai."

"Usinianzie methali." Aliweka pasi wima. "Wewe ukikosea, kwako ni makosa tu. Mimi ndiye mkubwa. Mzee akienda, mimi ndiye nitasimama mbele ya wazee wa ukoo. Nikisimama na karatasi ya uongo, watatucheka mpaka wajukuu wangu. Saa hii angalau hatujui. Kutojua, mtu anaweza kuishi nayo."

"Wewe unaweza. Mzee hawezi kufa nayo."

Hezron aliichomoa pasi ukutani. Alikaa kitandani kwa muda mrefu, mikono mapajani, na Eucabeth, ajabu ya Mungu, alinyamaza zaidi ya dakika mbili. Mwishowe Hezron alisema kwa sharti moja. Namba ikikataa, hata kwa tarakimu moja, jambo hili linazikwa hapa hapa Jeddah, na mzee hatasikia kamwe kwamba kulikuwa na daftari. Eucabeth akaapa. Alitoa karatasi yake ya ukurasa wa daftari, akaikunjua gotini.

Barua ilikuwa katika bahasha ya plastiki, pamoja na nakala za pasipoti na mkataba wa kazi. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, imekunjwa mara nyingi hata mikunjo imetoboka. Iliandikwa kwa Kiswahili kile cha jeshini, kifupi, kisicho na mapambo, kwa mkono wa karani wa kampuni. Hezron aliisoma yote kwa sauti, kwa sababu tangu akabidhiwe hakuwahi kuisoma.

"Kwa mke wangu Keziah. Salamu sana. Mimi mzima, hofu kwako. Tunapanda meli, kwenda wapi hatuambiwi. Viatu vimenikata lakini vizuri sana. Nimepewa ukoplo. Mtoto akizaliwa nikiwa bado, usimpe jina la vita, mpe jina zuri. Mimi mume wako Daniel Odera, Koplo, namba..."

Alisimama. Alirudisha kidole kwenye yale maneno ya jina la vita, maana mtoto yule aliitwa Keya.

"Soma moja moja," Eucabeth alisema. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Februari aliogopa, akaogopa sana. Kama Hezron ndiye aliyekuwa na haki?

"Moja," Hezron alisoma.

"Moja."

"Sufuri."

"Sufuri."

"Saba."

"Saba. Endelea, yalla."

"Moja. Mwisho ni... hapa pamekunjwa. Ngoja." Akaisogeza dirishani. "Sita."

Eucabeth alimpa ile karatasi, akaweka kidole chini ya namba, akaacha aone mwenyewe. Hezron alitazama moja, akatazama nyingine, akarudia, mtu mzima mwenye kitambi na funguo za nyumba ya watu kiunoni. Kisha akaanza kucheka, na kucheka kwake kukaharibika katikati kukawa kilio, na dereva wa nyumba ile akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini.

"Mafi mushkila, hakuna shida," Eucabeth alimwambia, akimpungia mkono aende zake. "Babu yetu amepatikana."

Walikwenda pamoja Al-Rawdah kumngoja madam atoke kazini. Alipoziona namba mbili zimelala kando kando mezani hakukaa chini, alifungua kompyuta amesimama. Alimwandikia mwenzao mmoja, Mike, aliyeko Dublin na ambaye ana ufunguo wa kumbukumbu ambazo yeye hana, akamwomba atafute namba ile bila jina. Jibu lilikuja kabla chai haijamalizika. Namba 10716 ilikuwa pia kwenye orodha ya kampuni moja ya KAR: Koplo Odera, hakuitika paredi, Oktoba 1944, hayupo.

"Tarehe?" Eucabeth aliuliza.

"Tarehe kumi na moja," madam alisema. "Na kwenye daftari la daktari alikufa tarehe tisa, kwa homa ya matumbo. Alikuwa maiti ya siku mbili walipomsoma paredi."

Hezron aliomba aelezwe polepole, na Madam Nuala akaeleza, Eucabeth akimfasiria mahali Kiingereza cha Cavan kilipopinda. Odera aliugua, akabebwa hospitalini. Pale kwenye hema la makaratasi, mbali na vitanda, kulikuwa na karani akinakili majina kutoka kwenye vitambulisho. Akaona Daniel, akaona O, akaweka kialama chake, akamwingiza ukurasa wa wazungu. Alipanga majina, hakupanga watu. Taarifa ya kifo cha Koplo O'Dera haikuweza kufika kampuni ya Koplo Odera, kwa sababu hapakuwa na O'Dera katika kampuni ile. Na daktari akaenda nyumbani na daftari.

"Kwa hiyo ni hicho kialama tu?" Hezron aliuliza. "Kijidudu hicho?"

"Ni hicho tu," Eucabeth alisema. "Alitoroka kwenda ukurasa wa pili."

Madam Nuala alikuwa amefungua orodha yake ya Cavan. Mstari wa O'Dera ulikuwa mbele yake na kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta, lakini hakikushuka. Alisema samahani, ni ujinga, lakini miaka miwili amekuwa akimchukulia kama mtu wao, na leo ni kama amefiwa.

"Usimfute, madam," Eucabeth alimwambia. "Mwandike sawa. Nani atakayemtafuta kama si wewe uliyemtafuta?"

Basi akaandikwa sawa, Eucabeth akitaja herufi, madam akiziweka. Daniel Odera. Koplo. Alego, Central Kavirondo, ambayo sasa ni Siaya. Mume wa Keziah. Baba wa Alfayo Keya. Mike aliahidi kupeleka masahihisho kwa wahusika pamoja na picha za kurasa zote mbili na za barua, na kutuma barua rasmi ya kundi lao ambayo mtu anaweza kuisimamisha mbele ya wazee wa ukoo wowote.

Saa kumi za jioni walipiga simu nyumbani. Simu ya mzee hushikwa na Velma, mjukuu wa mwisho, anayeishi naye na kumpikia uji. Aliiweka kwenye sauti kubwa. Hezron, kwa kuwa ndiye mkubwa, ndiye aliyeanza, akafika nusu ya salamu akashindwa, akamsukumia Eucabeth.

"Kwara," Eucabeth alisema, "baba yako hakutoroka."

Upande wa pili kulisikika kuku tu.

"Sema tena."

Akasema tena. Akamsomea daftari kama alivyokuwa akiwasomea wagonjwa kadi zao zahanati, wazi, bila kuruka. Namba. Jina. Dini, CMS, na hapo mzee akaguna kwa kuridhika. Kwao. Maradhi. Tarehe tisa Oktoba 1944. Akamweleza habari ya paredi na zile siku mbili.

"Alikuwa ameshakufa," mzee alisema.

"Alikuwa ameshakufa, kwara. Walimwita naye ameshakufa."

"Ile karatasi imeandika kitu kingine?"

Eucabeth alitazama. Alikuwa ameruka safu moja, kwa kuwa haikuthibitisha chochote. "Imeandika umri. Miaka ishirini na miwili."

"Mingapi?"

"Ishirini na miwili."

Hezron akainua simu kuona kama imekatika. Haikuwa imekatika. Sauti ya Velma ikasema kwa kunong'ona, "Yuko. Analia." Kisha mzee mwenyewe akarudi, na sauti yake haikuwa na ile hasira waliyoizoea tangu utotoni, wote wawili waliisikia imetoka.

"Velma, wewe una miaka mingapi?"

"Ishirini na minne, kwara."

"Na radi ikipiga bado unakimbilia kwangu." Akapumua. "Mimi miaka yote hii nilikuwa nagombana na mzee mwenzangu. Usiku namwuliza, wewe mwanaume mzima, uliniachaje? Namtukana. Kumbe nilikuwa namtukana mtoto. Mtoto mdogo kuliko Velma, ana homa, yuko msituni, hana mtu."

"Kwara..." Eucabeth alianza.

"Ngoja, nyakwara, mjukuu wangu. Velma! Vaa viatu, nenda kwa wazee wa ukoo. Usiwaambie baba yangu amepatikana, wataanza maneno yao. Waambie waje na majembe. Waambie nina mtoto wa kuzika."